Wazee wapya wameingia, lakini yaya bado anakaa nje ya uzio

BARUA

Jambo Mama,

Nasoma safu yako kila juma, na leo nimepata moyo wa kukuandikia. Naomba usitaje jina langu wala la kanisa letu. Hapa Katuba, komini yetu ya Lubumbashi, kila mtu anamjua mwenzake, na watu wa kwetu wangenitambua upesi.

Nilizaliwa ndani ya kusanyiko letu. Baba na mama walibatizwa humo kabla yangu, na mimi na yaya wangu, dada yangu mkubwa, tulikulia kwenye viti vya mbele. Ni kanisa lenye masharti makali. Mwanamke hasuki nywele za kuongeza, havai suruali, hasemi mbele ya mkutano. Hatuingii katika ibada ya kanisa lingine, hata iwe ni ndoa ya ndugu wa damu. Anayevunja sharti kubwa na kukataa kutubu anatengwa: jina lake linasomwa Jumapili mbele ya wote, na kuanzia hapo hatumsalimu, hatuli naye, hatukanyagi kwake.

Yaya alitengwa kwa sababu ya ndoa. Aliolewa na mwanaume Mkatoliki, wakafunga ndoa parokiani. Shemeji ni mtu mtulivu, fundi wa umeme, hajawahi kutusema vibaya. Siku jina la yaya liliposomwa baba alikuwa bado hai. Aliinamisha kichwa, na hakuligusa jambo hilo tena mpaka anakufa.

Sasa yaya anauza unga wa mahindi sokoni, katika komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Mimi nashona nguo na vitambaa nanunua huko huko. Nikipita karibu na meza yake natazama chini, naye anaendelea kumpimia mteja. Lakini mama yangu, anayeishi kwangu, unga wa yaya anaupata. Anayeuleta ni mwanangu wa miaka tisa. Yaya anamfungia mfuko, anamwambia, "Peleka kwa kambo yako," yaani bibi yake, basi. Nyumbani kila mtu anajua unga umetoka wapi, na hakuna anayeuliza.

Kwenye kilio cha mjomba wetu, turubai lilifungwa uani na wazee wa kusanyiko wakakaa mbele. Yaya hakuingia. Alikaa nje ya uzio, chini ya mwembe wa jirani, pamoja na wanawake wa parokia waliokuja kusaidia kupika. Chakula kilipogawiwa, mama aliinuka na fimbo yake, akachukua sahani ya bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), akatembea hadi kwenye uzio, akaipitisha juu. Hakuna aliyemzuia. Wiki iliyofuata wazee wawili walikuja nyumbani kumwonya.

Baada ya hapo mzee mkuu wetu wa siku nyingi alipumzishwa kwa ugonjwa, na wengine wawili wakamfuata. Makao makuu ya Kinshasa yakateua watatu wapya, wote chini ya miaka hamsini. Mmoja wao ni mume wangu. Mambo yamelegea, Mama, siwezi kukataa. Ibada imefupishwa. Wasichana wanasuka na hakuna anayewatoa nje. Kijana aliyetaka kwenda chuo kikuu aliombewa, wakati zamani angeonywa. Tangu waingie hakuna jina lililosomwa. Watu wanasema kusanyiko limepata pumzi.

Ila nikimuuliza mume wangu habari za yaya, ananiambia, "Vumilia. Tukikimbia, Kinshasa watatuondoa wote watatu, na watakaokuja watakuwa wakali kuliko wa kwanza." Mwangalizi wa jimbo anakuja kututembelea katika miezi michache ijayo. Mume wangu anaogopa ziara hiyo. Ananikumbusha maneno ya Paulo kwa Timotheo, kwamba mzee lazima aisimamie vizuri nyumba yake kwanza. Maana yake nikionekana kwa yaya, yeye ndiye atakayeanguka.

Mama yangu ana sukari, na sasa miguu imevimba. Juzi, namkanda, aliniambia anataka kutuona mimi na yaya tukila kwenye sahani moja, na kwamba hana muda wa kumsubiri mwangalizi.

Mama, je, wazee wapya wanaweza kweli kulibadilisha kusanyiko kama letu, au ninajidanganya? Nivumilie? Niende kwa yaya waziwazi? Au nitoke na watoto wangu, na ndoa yangu iwe itakavyokuwa?

Mdogo wa yaya, Katuba

JIBU

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama pale mama anapoinuka na fimbo yake. Mama huyo ameishi katika masharti hayo miaka mingi kuliko wewe, anayajua yote, na bado alibeba ile sahani mbele ya wazee. Nakuomba usimwone kama mgonjwa wa kuhurumiwa tu. Katika nyumba yenu ni yeye aliyekwisha kulijibu swali lako kwa upande wake.

Unaniuliza kama wazee wapya wanaweza kulibadilisha kusanyiko. Ni swali zuri na nitalijibu kadiri niwezavyo. Lakini ninavyokusikia, kinachokukosesha usingizi ni hofu mbili zinazovutana: kwamba mama ataondoka bila kupata alichokiomba, na kwamba ukimpa, utakuwa umemwangusha mume wako. Umeifunga ndoa yako na neno "yaya" kwa kamba moja, na ukivuta upande huu unaumia upande ule. Nataka tuifungue kamba hiyo taratibu.

Tuanze na wazee. Yale uliyoyataja yamebadilika kweli, na wasichana wanaosuka nywele leo wanajua thamani yake. Lakini yatazame tena moja moja. Urefu wa ibada, ukali wa kuonya, jina kusomwa au kutosomwa: hayo yote mzee wa mtaa anaweza kuyaregeza kwa kunyamaza tu. Hahitaji barua kutoka kokote. La yaya ni la namna nyingine. Yeye amekwisha kutengwa, jina lake limeandikwa, na kumrudishia salamu kunahitaji mtu afanye kitendo na akiwekee sahihi. Huenda ndiyo sababu mume wako amekuwa mwepesi katika yale na mzito katika hili, wala si kwa kukosa upendo.

Basi jambo la kutafuta ni hili: mamlaka ya kanisa lenu yanakaa wapi? Makanisa hayafanani. Hapa kwetu Katanga tuna makusanyiko ya mapokeo ya Garenganze, yaliyotokana na kazi ya Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya kwa mfalme Msiri mwaka 1886. Katika mapokeo hayo ya Ndugu (Brethren), kusanyiko la mahali na wazee wake wana nafasi kubwa ya kujiamulia. Kwingine neno linatoka juu na kushuka. Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, walibadilisha jinsi ya kumtendea mtu aliyeondolewa mwezi Machi 2024: ndugu wakaruhusiwa kumwalika mkutanoni na kumsalimu kwa ufupi anapofika, ingawa mazungumzo marefu na kula pamoja havikuruhusiwa. Uamuzi huo ulitangazwa na Baraza lao Linaloongoza, lililoko Marekani, kwa makutaniko ya dunia nzima. Mzee wa mtaa, hata awe na huruma kiasi gani, alikuwa akisubiri kama wengine.

Sisemi kanisa lenu ni mojawapo ya hayo. Nasema ujue lenu liko upande upi. Umeniambia Kinshasa ndiyo iliyowateua hao watatu. Basi Kinshasa inaweza kuwaondoa, na hofu ya mume wako haikutoka hewani.

Hata hivyo upo mfano wa upande mwingine, na ni wa nchi yetu. Kardinali Malula, askofu mkuu wa Kinshasa, na maaskofu wenzake walitaka misa iimbwe na kuchezwa kwa namna ya watu wa Kongo, kwa ngoma, na kwa kuwakumbuka mababu. Katika miaka ya 1970 mambo hayo yalikuwa tayari yanaonekana Kinshasa kwa majaribio. Kibali kamili cha Roma kwa misale, kitabu cha misa, ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, kilikuja mwaka 1988. Yaani matendo yalitangulia na karatasi ikafuata baadaye sana. Hao walikuwa maaskofu, na nyuma yao lilikuwa taifa zima la Wakatoliki. Wazee watatu wa Katuba hawana uzito huo. Lakini inaonyesha kwamba hata katika kanisa ambalo neno hutoka juu, walio chini wanaweza kuanza kitu na kukishikilia. Tena ona miaka iliyopita hapo katikati. Mama yako hana miaka hiyo.

Sasa niruhusu nikuulize mambo ambayo barua yako imeyapita haraka.

Sharti lenyewe umelisoma? Sizungumzii unavyolijua tangu utotoni, nazungumzia maandishi. Mara nyingi katika makanisa makali nimekuta kitabu kinasema neno moja na desturi imeongeza matatu. Kitabu kinaweza kuwa kinamzuia aliyetengwa asishiriki meza ya Bwana wala kushika kazi kanisani, na zile habari za kutomsalimu ndugu wa damu au kutomlisha mzazi zikawa zimeingizwa na watu. Sheria nambari 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, inayosimamia mashirika yasiyo ya faida, inayahusu makanisa pia, na kanisa lililosajiliwa lina statuti zake, yaani kanuni zake za msingi. Statuti huwa zinaeleza nani anateua, nani anaondoa, na mwanachama anatoka au anatolewa vipi. Mume wako akiwa mzee ana haki ya kuziomba bila mtu kumtilia shaka. Kaeni wawili usiku mmoja, watoto wakilala, mzisome. Kama mle ndani kuna nafasi kwa ajili ya mzazi mgonjwa, mtakuwa mmepata pa kusimama hata mbele ya mwangalizi. Kama hakuna, mtajua pia, na hamtaongea tena kwa kukisia.

Lingine: yaya mwenyewe anataka nini? Katika barua nzima nimemwona akipima unga, akifunga mfuko, akikaa chini ya mwembe. Sauti yake sikuisikia. Unafikiri juu ya kumrudisha kusanyikoni, lakini yeye ana parokia yake, mume wake, maisha yake. Inawezekana hataki kurudi kabisa, na anachokitaka ni mdogo wake amtazame usoni akipita sokoni. Inawezekana pia ana hasira ambayo hujaiona, kwa sababu mtu anayepitiwa kila juma bila salamu anabeba mengi. Ukienda kwake ukidhani unamletea zawadi, halafu akakufungia mlango, utafanya nini? Jiandae kwa hilo pia.

Na mume wako. Unasema anakuambia hivi, anaogopa vile. Hujaniambia yeye anaamini nini. Je, moyoni mwake kumtenga yaya kulikuwa haki na anahitaji tu njia ya kulegeza? Au anaona halikuwa haki tangu mwanzo na anabana maneno kwa ajili ya cheo? Hao ni wanaume wawili tofauti, na hatua yako itategemea umeolewa na yupi. Muulize, lakini usimuulize kama mzee wa kusanyiko. Muulize kama baba wa watoto wako, na umwache anyamaze kadiri anavyohitaji.

Kuhusu kuvumilia, sitalibeza neno hilo. Kuna watu walioharakisha, wakafukuzwa, na mlango ukafungwa kwa wote waliobaki ndani. Mume wako anaweza kuwa anaona hatari ambayo wewe huioni, kwa kuwa vikaoni anakaa yeye. Ila uvumilivu usio na tarehe unaweza kumfikisha mama kaburini, na hapo hapo mtaulizana nani asimame wapi kwenye kilio chake. Ukiamua kuvumilia, mwombe mume wako tarehe na kitendo. Kwa mfano, kwamba siku fulani kabla ya ziara, au siku fulani baada yake, atalitaja jina la yaya katika kikao cha wazee. Akikubali, una kitu mkononi. Akikwepa, hilo nalo utakuwa umelijua.

Kwenda kwa yaya waziwazi kuna uzito wake, nawe umeutaja: mume wako anaweza kupoteza nafasi yake, na pamoja naye ule ulegevu ambao kusanyiko zima linaufurahia. Umeshafikiria pia wateja wako? Nakisia wengi wa wanaokuletea vitambaa ni dada wa kusanyiko, na kama una likelemba nao, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, kutengwa kutaugusa hata mfuko. Sikwambii hivyo kukutisha. Kuna wanawake waliokwenda wakiwa tayari kwa upendo wote, wakashindwa kwa sababu hawakuwa wamehesabu kodi ya nyumba. Kwa upande mwingine, mwaliko ukitoka kwa mama, kwa jina lake, nyumbani anapolala, akiwa mgonjwa, ni vigumu zaidi kuuita uasi wa mke wa mzee. Huko sokoni ungekuwa umeonekana wewe. Nyumbani anayemwita mtoto wake ni mzazi. Sijui wazee wenu wangelitazama vipi, ila mume wako anaweza kulipima.

Kuna na njia ya kutokwenda peke yako. Katika kusanyiko la ukubwa wowote, yaya wako hawezi kuwa wa pekee aliyetengwa. Kuna mama mwingine mwenye kijana nje, kuna mzee mwenye kaka ambaye hawazungumzi. Familia kadhaa zikiwaendea wazee kwa heshima na swali moja tu, "Tuwatendeeje wazazi wetu waliozeeka ambao watoto wao wametengwa?", wazee wapya wanapata sababu ya kulipeleka juu bila kuonekana wanamtetea shemeji ya mmoja wao. Hatari yake ni kwamba makanisa ya namna hii hayapendi makundi, na mtu mmoja akipeleka maneno vibaya mtaitwa watu wa mgawanyiko. Chagua utakaoongea nao.

Kutoka kabisa, wewe na watoto, sitakupa neno la ndiyo wala hapana. Katiba yetu ya 18 Februari 2006, katika ibara ya 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, kwa hiyo hakuna wa kukushika. Lakini katika barua yako sikusikia mtu aliyeacha kuamini. Nilisikia mtu anayelipenda kusanyiko lililomlea na kuumizwa na sharti lake moja. Kama nimekosea kukusikia, uniambie. Kama nimesikia sawa, basi jipe muda wa kutofautisha uchungu wa sasa na imani yako, maana ukitoka leo kwa sababu ya yaya, mama atabaki na binti wawili nje badala ya mmoja, na mume wako atabaki ndani peke yake.

Jambo moja sitalizungusha. Huyo mtoto wa miaka tisa, mwondolee mfuko. Amekuwa daraja la watu wazima wasiosemezana, na anajifunza kwamba upendo wa nyumba yenu unapitia mlango wa nyuma. Kama unga lazima uendelee kuja, na mama anauhitaji, mtafute jirani, au mwambie mume wako waziwazi kwamba unakuja. Sidhani hajui.

Na wazee hao watatu, usiwaombe wawe zaidi ya walivyo. Ukitaka kujua wanakoelekea, tazama mambo madogo. Mtu akiuliza swali gumu kikaoni, anajibiwa au anaitwa pembeni baadaye? Wanaandika wanachokubaliana, au kila kitu kinabaki mdomoni ili kiweze kukanushwa mwangalizi akifika? Kuna hata mmoja wao aliyekubali kulaumiwa kwa ajili ya mwingine? Kulegeza kwa kimya kunaweza kufutwa kwa ziara moja. Kilichoandikwa na kusemwa mbele ya watu ni kigumu zaidi kukirudisha nyuma, ingawa nacho hakina uhakika.

Ningeanza na mama. Muulize kama anataka yaya aje, lini, na kama yuko tayari wazee wakija tena kumwonya. Halafu mume wako, kwa lile swali la anachoamini. Yaya wa tatu, kwa njia utakayoona haimwaibishi. Baada ya mazungumzo hayo matatu, maswali uliyoniandikia hayatabaki yale yale, na mengine utayajibu mwenyewe.

Kama mwangalizi atakuja kabla hujapata nafasi ya kuongea na wote, usiufanye ujio wake uwe siku ya hukumu. Atakuja, atahubiri, atarudi alikotoka. Uniandikie alichosema, na uniambie mama anaendeleaje na miguu.